Shajara ya mradi: kuifungua "run" kwa ajili ya kidato cha kwanza

Februari 3

Kazi imeanza na sentensi moja kutoka daftari la mwanafunzi wa Sinza. Kitabu kinasema "She ran the school for ten years," yaani aliiongoza shule miaka kumi. Chini yake, kwa penseli: aliikimbia shule miaka kumi. Mwalimu mkuu kageuzwa mtoro sugu, na Kiswahili cha sentensi hiyo hakina doa la sarufi. Kijana alifungua kamusi ya mfukoni, akakuta kimbia limekaa mbele, akaishia hapo.

Tunachotaka kutengeneza ni karatasi moja ya A4, mbele na nyuma, yenye jedwali la maana za neno moja la Kiingereza, inayokunjika mara mbili na kuingia ndani ya daftari. Itolewe kopi kwenye steshenari yoyote ya mtaani. Walengwa ni wanaoingia kidato cha kwanza, waliosoma hisabati na sayansi kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza, halafu Januari wakaamkia kwenye Kiingereza kitupu. Tuko watatu: mimi, mwalimu mstaafu wa Kiingereza ambaye sote tunamwita Mwalimu, na binti aliyemaliza kidato cha sita, ndiye anayeshika kompyuta.

Mwalimu alitaka tuanze na "set". Sababu yake ni nzuri: katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la 1989, lenye juzuu 20, "set" ndiyo iliyoongoza kwa wingi wa maana, kama 430 hivi. Lakini wahariri wa Oxford wamekuwa wakiipitia upya kamusi yote, na "set" imeshashushwa. Mwaka 2000 ilipitwa na "make", mwaka 2007 ikaja "put", na mwaka 2011 "run" ikazipita zote kwa maana 645, tena hizo ni za kitenzi peke yake. Mhariri Peter Gilliver alilikalia neno hilo moja kwa takriban miezi tisa. Mwalimu akatikisa kichwa: "Miezi tisa? Huyo kazaa." Tukakubaliana tuanze na "run".

Februari 6

Leo ni habari ya kuhesabu. Binti amepakua WordNet, hazina ya maneno ya Chuo Kikuu cha Princeton iliyoanza kujengwa mwaka 1985, ambayo inatumika bure. Humo "run" ina maana 41 kama kitenzi na 16 kama nomino. Binti akauliza swali ambalo kila mtu angeuliza: mbona Oxford wana 645? Nani kakosea?

Hakuna aliyekosea. Oxford wanaandika wasifu wa neno tangu lilipozaliwa, pamoja na maana zilizokufa zamani, kila moja na mfano wake na mwaka wake. Halafu kuna suala la mkono wa mhariri. Maji ya mto na maji ya bomba yote "hu-run". Je, ni maana moja au mbili? Mmoja atazifunga pamoja, mwenzake atazipasua. Watunga kamusi wa Kiingereza wana majina ya utani kwa makundi hayo mawili, wakusanyaji na wapasuaji, na ugomvi wao ni wa kale. Samuel Johnson, kwenye kamusi yake ya 1755, aliipa "take" maana 134. Huyo alikuwa mpasuaji wa kutupwa.

Kwa hiyo swali la "run ina maana ngapi" nimeliondoa kwenye kichwa cha jedwali. Limebaki hili: mwanafunzi wa Dar es Salaam, kati ya Januari na mitihani ya kidato cha pili, atakutana na zipi?

Jambo moja la kuweka akiba. Mwaka 1945 Mmarekani George Kingsley Zipf alionyesha kwamba neno linavyotumika mara nyingi zaidi ndivyo linavyobeba maana nyingi zaidi. Kwa mwanafunzi hii ni habari mbaya. Anadhani maneno mafupi ya mwanzo ndiyo rahisi, na "photosynthesis" ndiyo ngumu. "Photosynthesis" ina maana moja na haitambadilikia maishani.

Februari 11

Tumeanza kuvuna sentensi kwenye vitabu vya shule, karatasi za mitihani ya nyuma na simu za watoto wenyewe. Jiografia imetupa maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi bila kuzama. Biolojia imetupa mashina yanayotambaa ardhini na kutoa mizizi. Hesabu za biashara zimetupa salio linalosomwa baada ya kila muamala. Kompyuta, bila shaka, imetupa kuendesha programu. Uraia umetupa kugombea.

Hiyo ya kugombea ina utamu wake. Wamarekani "hu-run" wakitaka urais. Waingereza wao kwa jambo lilelile husema husimama. Mmoja anakimbia, mwingine kasimama wima, na wote wanakitaka kiti kilekile. Sisi tumekwenda moja kwa moja kwenye kiini cha shughuli: tunagombea.

"Run a bath", yaani kufungulia maji ya kuoga yajae kwenye beseni, tumeitupa. Mwalimu aliitetea kidogo, kwamba iko kwenye hadithi za Kiingereza, lakini wengi wa wanafunzi hawa wanaoga kwa ndoo na kopo, na nafasi kwenye karatasi ni finyu.

Februari 15

Nimekwenda gereji moja upande wa Gerezani na sentensi mfukoni: "Leave the engine running." Nikamuuliza fundi angeisemaje, na nikamwekea mtego: injini inakimbia?

"Ikimbie iende wapi, bosi? Gari si imesimama. Hiyo iko sailensa."

Nikamuuliza, na ukitaka mtu aiache hivyohivyo? "Namwambia usizime." Hapo nikaona kitu ambacho sikukiona kwenye kamusi yoyote niliyo nayo. Kiingereza kinaamuru kitu kiendelee, Kiswahili kinakataza kisikatishwe. Bomba nalo linafuata njia hiyo. "The tap was left running" kwa mtu wa Manzese ni bomba halikufungwa, na kama mwenye nyumba yuko karibu, sauti inapanda: nani kaacha bomba wazi?

Nikiwa Kariakoo nikapita kwenye duka la kanga. Rangi ya kanga ikitoka majini, Waingereza husema rangi "ina-run". Mama muuzaji nilimuuliza kama ile aliyonitandikia inachuja. Alinitazama kama nimemtukania ukoo. "Haichuji hii, baba. Kaifue, ikichuja unirudishie." Kuchuja kumeingia kwenye jedwali, na kanga imeingia kabatini.

Pua ni rahisi: makamasi yanatoka, au kwa adabu zaidi, ana mafua. Soksi ndefu za kike zinazofumuka uzi, kwa Kiingereza cha Marekani nazo "zina-run". Tumeiacha.

Februari 20

Leo jedwali limevunjwa na kujengwa upya, na nadhani sasa lina uti wa mgongo.

Nimeshinda kwenye asili ya neno. "Run" ya leo imetokana na vitenzi viwili vya zamani vya lugha za Kijerumani na ndugu zake, vilivyoungana. Kimoja kilikuwa cha kitu kinachokwenda chenyewe: maji, mtu, farasi. Cha pili kilizaliwa na kile cha kwanza, na kazi yake ilikuwa kukifanya kitu kiende. Kijerumani cha leo bado kina mabaki ya wote wawili, rinnen la maji yanayochuruzika na rennen la mbio, ingawa hilo la pili nalo limeshasahau kazi yake ya mwanzo. Kiingereza hakikubakiza hata hiyo tofauti ya irabu. Vitenzi viwili vikawa sura moja, na kazi zote mbili zikarundikwa juu ya mgongo mmoja.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kueleweshwa zaidi. Hii ni kauli ya kutenda na kauli ya kutendesha. Enda na endesha. Pita na pitisha. Tiririka na tiririsha. Sisi alama imebaki palepale mwishoni mwa kitenzi, mtu anaisikia. Kiingereza kimeimeza, na mwanafunzi anabaki anatazama umbo moja lisilomwambia nani anakwenda na nani anaendeshwa.

Kwa hiyo jedwali sasa lina pande mbili. Upande wa kushoto ni vinavyokwenda vyenyewe. Mto Msimbazi unatiririka kuelekea baharini. Barabara ya Morogoro inapita Ubungo na Kimara. Treni ya umeme inafanya safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Mkataba unadumu miaka miwili. Kisukari kimo kwenye ukoo wao. Sentensi zote hizo kwa Kiingereza zina "run", na hakuna hata moja inayokubali kimbia.

Kulia ni vinavyoendeshwa. Anaendesha duka. Anaendesha programu. Anatiririsha maji. Fundi amepitisha nyaya ukutani. Amepitisha kidole kwenye orodha ya majina akitafuta lake. Hapa kila kitenzi cha Kiswahili kina sha, na inatosha kumwambia mtoto: ukiona "run" imefuatiwa moja kwa moja na kitu inachokitenda, tafuta sha au za.

Kisha nikarudi kwenye aliikimbia shule, na sababu ikawa wazi kabisa. Kimbia la Kiswahili nalo linaweza kupewa shamirisho, lakini likipewa, linageuka kuwa kukwepa. Mtu anakimbia vita, anakimbia deni, anamkimbia mke. Huko ndiko tulikopata mkimbizi. "Run" ya Kiingereza ikipewa shamirisho la shule au duka, inashika usukani wake. Vitenzi viwili vinavyolingana vikiwa peke yao vinapeana mgongo mara tu kitu kinapowekwa mbele yao. Hapo ndipo mwanafunzi anapodondokea, na kamusi ya mfukoni yenye neno moja mbele ya neno moja haiwezi kumwonyesha shimo hilo.

Mwalimu ameitazama akasema amefundisha maisha yake yote bila kuipanga hivi. Kisha akataka tubadilishe mwandiko wa vichwa, eti ni mdogo. Tumebadilisha.

Februari 24

Kanuni haikumaliza usiku mmoja kabla vighairi havijabisha hodi. Binti ameviorodhesha. "Run a race" ina kitu mbele yake lakini ni kukimbia mbio, basi. "Run a fever" ni kuwa na homa. "Run a risk" ni kujiweka hatarini. "Run a red light" ni kupita taa nyekundu. "Run errands" ni kutumwa huku na huko, na mtoto wa kwanza wa nyumba yoyote ya uswahilini anaijua kwa vitendo kuliko mtunga kamusi.

Mjadala ulikuwa kama kanuni yenye vighairi hivi vyote inafaa kuchapishwa. Mimi nimesema inafaa. Vighairi vyenyewe vinatabirika kwa kutazama kitu kilichofuata: homa haiendeshwi, hatari haitiririshwi. Mtoto akisoma neno linalofuata kabla ya kutafsiri "run", tayari ameshanusurika. Binti hakuridhika, akaweka kisanduku chenye vighairi vitano chini ya ukurasa. Kisanduku chake kizuri kuliko maelezo yangu, kimebaki.

Machi 1

Vijineno. Hapa ndipo karatasi moja ilipokataa kutosha.

"Run out", "run into", "run over", "run across", "run down". Mwaka 1930 Mwingereza Charles Ogden alitoa Kiingereza chake chepesi cha maneno 850, chenye vitenzi 18 tu. Kwenye karatasi ni wepesi wa ajabu. Ila vitenzi hivyo vichache ilibidi vibebeshwe vijineno kama out, up na off ili vifanye kazi ya vitenzi vilivyofukuzwa, na kila muungano ni kitu kipya cha kukariri. Mzigo ulihamishwa mlango.

Kati ya hivyo, "run out of" ndiyo inayokutwa kila mahali. Hapa Kiswahili kina umbo linaloshangaza wageni: kuishiwa. Tumeishiwa unga, nimeishiwa salio. Kitu ndicho kinachoisha, na mtu anapatwa na kuisha kwake, kauli ya kutendewa kabisa. Kwa Kiingereza mtu ndiye mtendaji, yeye ndiye "anaye-run out", kana kwamba alitoka mbio kwenye unga. Tumeweka mfano wa umeme wa LUKU kwa sababu hakuna nyumba isiyoujua.

"Run over" ni kugongwa na gari, au kupitiliza muda. "Run into" ni kugonga, au kukutana na mtu bila kutegemea, na tofauti tena inaonekana kwenye kinachofuata: ukuta unagongwa, rafiki unakutana naye. Nusu saa nzima ilikwenda kwenye "run down", kwa sababu inaweza kuwa betri inayokwisha nguvu, mtu aliyechoka, nyumba iliyochakaa au kumponda mtu kwa maneno. Tumechukua betri na nyumba.

Uamuzi: vijineno vitapata karatasi yao. Hii ya kwanza itataja "run out of" pekee.

Machi 8

Majaribio, barazani kwa Mwalimu, na wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili kutoka mitaa ya jirani. Hatukuanza na Kiingereza. Mwalimu aliandika neno moja ubaoni, piga, akawaambia wamtajie.

Mvua ya maneno. Piga simu, piga pasi, piga picha, piga mswaki, piga deki, piga hodi, piga kura, piga magoti, piga mbizi, piga chafya, piga debe, piga ramli, piga chabo. Hilo la mwisho lilileta kicheko na Mwalimu akajifanya hakulisikia. Akauliza: kwenye hizo zote, ni wapi anayepigwa anaumia? Kimya. Akauliza tena: mnajuaje piga pasi ni kunyoosha nguo na si kumtwanga mtu kwa pasi? Mvulana mmoja akajibu kwamba unasikiliza lile neno la pili.

Baada ya hapo tulipogawa karatasi hatukuwa na kazi kubwa. Sentensi ya treni waliipata, ya duka waliipata, ya kanga waliibishania, kwa sababu wengine wanasema inatoa rangi. Zote mbili zimeingia. Iliyowashinda wengi ni "in the long run", ambayo haina kinachoifuata cha kutegea. Hatimaye, au baada ya muda mrefu: hiyo ni ya kukariri tu na tumeisema hivyo bila kuzunguka.

Msichana mmoja anayesoma biashara alileta yake: kitabu chake kinataja "a run on the bank". Septemba 2007 Waingereza walipanga foleni nje ya matawi ya Northern Rock kutoa akiba zao, hiyo ndiyo yenyewe. Kiswahili chake kinarudisha kimbia mlango wa nyuma: watu kuikimbilia benki. Kuikimbia na kuikimbilia, silabi moja tu kati yake, na maana zinakwenda pande mbili tofauti. Kauli ya kutendea imefanya kazi ambayo Kiingereza kimeiachia "on".

Machi 13

Kriketi. Binti alitaka iondolewe, Mwalimu alitaka ibaki kwa sababu zamani alikuwa akipita viwanja vya Gymkhana na kuangalia. Mpigaji na mwenzake wakibadilishana ncha za njia ya yadi 22 wanapata "run" moja. Mpira ukifika mpakani kwa kubingirika ni nne, ukivuka bila kugusa chini ni sita. Yaani kuna "run" sita ambazo hakuna aliyekimbia hata hatua. Ni nzuri kuisimulia, lakini kwenye karatasi imepata mstari mmoja: pointi.

Machi 17

Toleo la kwanza limetoka. Maana 26 pamoja na kisanduku cha binti. Mwandiko wa Mwalimu ndio uliokula nafasi, maana tungeweza kufika 30. Kopi za kwanza zimetoka hafifu upande wa nyuma, mashine ya pale ilikuwa imeishiwa wino, kwa hiyo tumehamia steshenari ya mtaa wa pili.

Yaliyobaki: karatasi ya vijineno iko nusu, "run down" na "run across" bado zinasumbua. Upande wa nomino tumegusa kidogo sana. Kuhusu neno linalofuata, Mwalimu amerudi na "set" yake. Mimi nataka "get", kwa sababu ndiyo ninayoiona imejaa kwenye madaftari. Binti anasema tuwape wanafunzi wa barazani wapige kura Jumamosi, na hilo ndilo lililopita.